Sauti ya Mzee Hizza

Kisanduku kililia mezani kabla ya alfajiri. Siku hizi mpigania haki akifa, serikali huitia sauti yake kisandukuni, nayo ndiyo huwachagulia wajukuu kazi.

"Zawena, acha ndoto za urubani," ilisema sauti ya marehemu Mzee Hizza. "Tii. Kashone nguo."

Bi Semeni, mjane wake, alipandwa na hasira. "Mwongo we! Mume wangu aling'olewa meno gerezani kwa kulikataa neno hilo, 'tii'!" Akakitupia kanga. "Nenda karuke, mjukuu wangu. Wakija, watanikuta mimi."

Zawena alimsogezea bibi yake chai, akambusu mkono, akatoka.

Ndipo sauti ikatoka chini ya kanga, nyonge, kama zile siku Bi Semeni alipokuwa akimpelekea mumewe uji gerezani: "Semeni, wananilazimisha kusema haya. Njoo tena kesho unione, mke wangu."