Mama Nyamvula

Uvumi ulimganda mama huyu kama kupe: ukitaja jina la mfungwa, taa ya uani husikia, huwaka, na kifungo chake huongezwa siku. Binti yake Nyamvula alikuwa ndani kwa kuwazuia wakata mikoko.

Asubuhi jirani yake Mishi akaita, "Mama Nyamvula! Una chumvi?"

"Abee!" akaitika, maana miaka ishirini hakuwa na jina jingine. Taa ikawaka juani.

"Shoga, niite Binti Mwero. Nakusihi."

"Makubwa! Umerudi kuwa mwari, Mama Nyamvula?"

Taa ikawaka tena.

Basi wenye watoto walio ndani, jihadharini. Msikubali kuitwa kwa majina yao. Mkiitwa, msiitike. Msiimbe wimbo wenye jina. Na msilale karibu na taa, kwani mama huita usingizini.