Daftari la Dawati la Mbele

Kabla hata ya kumsalimu mkaguzi, mwalimu wa muziki alitupia jicho dawati la mbele. Binti yupo. Akashusha pumzi.

Huu ulikuwa mwaka wa pili tangu masikio yamtupe mkono. Yalianza kidogo kidogo, kama utani, hadi siku alipobonyeza kinanda chake cha umeme asisikie kitu. Hakumwambia mtu, hata dada yake aliyekuwa akiishi naye. Amwambie nini? Mwalimu wa muziki kiziwi, si kichekesho hicho? Somo lote lilikuwa mikononi mwake. Akimwaga unga, muziki unafutwa, na wanafunzi tisa wa kidato cha nne wanahamishiwa somo la biashara miezi mitatu kabla ya mtihani.

Midomo ya watu alijifunza kuisoma. Kazi ilikuwa kwenye imla: yeye anapiga noti, wanafunzi wanaziandika. Vidole vyake vya kizee vikiteleza, atajuaje? Hapo ndipo alipomwegemea yule binti. Mpole, hana makuu, na tangu kidato cha pili aliomba mwenyewe akae mbele, ubavuni mwa kinanda. Daftari lake likilingana na alichokusudia kupiga, mwalimu anajua vidole viko sawa. Likitofautiana, anarudia taratibu, eti kwa faida ya wazito wa kushika.

"Wewe una masikio ya dhahabu, mwanangu," alimwambia siku moja akipita nyuma yake. Binti hakugeuka. Haya ya kisichana, mwalimu akajisemea, na akazidi kumpenda.

Sasa mkaguzi, mama wa makamo mwenye miwani, alikuwa ameketi nyuma ya darasa. Mwalimu aliisoma midomo yake: "Tuanze na imla."

Akakaa, akapiga. Alijikaza kisabuni. Noti nane, mara mbili. Alipoinua macho, wanafunzi wanane walikuwa wanatazamana, kalamu zimelala mezani. Mkaguzi alikuwa ameinua kiganja kuwatuliza. Mmoja tu ndiye aliyekuwa akiandika.

Moyo ulimuuma. Miaka minne anawafundisha, halafu wanamwangusha mbele ya mgeni.

Alilichukua daftari la binti. Noti zote nane, hakuna hata moja iliyokosewa. Nusura alie kwa shukrani. Akampelekea mkaguzi kwa mikono miwili.

Mkaguzi alilisoma, akalisoma tena. Akavua miwani. Alimtazama mwalimu, akamtazama binti, akarudi kwa mwalimu, na usoni hakuwa na ukali wowote.

"Mwalimu," alisema polepole, akiifungua midomo vizuri, "umeme ulikatika mara tu wewe ulipokaa. Hicho kinanda hakijatoa sauti hata moja."