Nyongeza ya Nyanya

Sekela aliweka kidole kwenye mizani ya soko la wakulima, na posho yake ya chakula ikakubaliwa. Mama Tumpe, muuza nyanya, akamfungia fungu lake, kisha kwa mazoea akatupia nyanya moja juu.

"Nyongeza yako, mwanangu."

"Toa, mama! Toa upesi!"

Mizani ilikuwa imeshaona. "Nyanya moja, bure," ikatangaza. "Anayepewa na watu hahitaji kupewa na serikali. Posho imepunguzwa."

Mama Tumpe akashika mdomo. "Jamani! Mkono umezoea."

Sekela aliondoka bila kuaga. Nyumbani aliinjika sufuria chini ya jicho la serikali la kulinda posho, lililobandikwa ukutani, akawa anashtuka kwa kila kishindo cha nje.

"Hodi, jirani!" Alikuwa Mama Ipyana. "Nimepika makande, nimekuletea kidogo."

Binti mdogo wa Sekela akainuka mbio. Sekela akamvuta, akamziba mdomo. Harufu ya makande ikapenya chini ya mlango. Jicho la ukutani likawageukia.

Nje, Mama Ipyana hakuondoka.

"Nakusikia unavyohema, Sekela. Nimekukosea nini?"