Hatua Tatu Kutoka Mlangoni

Kijana alikuwa bado hajakifikia kipaza sauti, na tayari Profesa Mizani alikuwa ameshamwandikia alama ya juu kabisa.

Jina la Mizani alipewa na wanafunzi, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kujipenda, alilichukulia kuwa sifa. Yeye alimpima mwanafunzi kwa jicho tu. Hatua tatu kutoka mlangoni, basi, imetosha. Kusikiliza, alisema, ni kazi ya watu wasiojua kutazama. "Nyota njema huonekana asubuhi," ndivyo alivyowafundisha wahadhiri wadogo, nao waliitikia kwa vichwa kwa sababu walikuwa na watoto wa kulisha.

Siku hiyo alikuwa na sababu ya kuvimba zaidi. Kiti cha mkuu wa idara kilikuwa wazi. Mkuu wa kitivo, mama wa maneno machache, alikuwa ametangaza kwamba atakuja mwenyewe kukaa nyuma ya ukumbi, aone Profesa anavyoendesha mawasilisho ya utafiti wa wanafunzi, ndipo aamue kama kiti kile ni chake. Nyumbani, mke wa Profesa alikuwa ameshaanza kuchagua mapazia ya ofisi mpya.

Kijana alivaa koti jeusi. Lilimpwaya kidogo mabegani, lakini koti ni koti. Alizungumza taratibu, kwa sauti nzito, juu ya wagonjwa wanaosubiri kuitwa kwenye benchi la zahanati. Profesa alidaka neno hapa na neno pale, huku akiwaza kama mapazia ya kijani yataendana na zulia. Kijana alipomaliza, Profesa alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

"Safi sana! Huu ndio utafiti. Hoja nzito, lugha ya kisomi."

"Ahsante, Profesa. Ni sehemu gani hasa imekupendeza?"

"Yote, kijana wangu. Yote."

Kijana akashukuru, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akarudi kuketi. Kule nyuma mkuu wa kitivo alitabasamu, na Profesa akaiweka tai yake sawa.

Wa pili alikuwa msichana mwembamba, tena amevaa kandambili. Kandambili ukumbini! Profesa alikunja pua. Nywele timtim, kisauti chembamba kama cha mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Alama aliyompa ilikuwa ya chini mno, na hata hiyo aliona amemfanyia ukarimu.

"Watu wa aina hii," alimnong'oneza mhadhiri kijana aliyeketi ubavuni mwake, "wangebaki nyumbani wakawasaidia mama zao kufua."

Yule mhadhiri, dada mmoja mpole aliyekuwa akifuatilia kwa makini, aliinua kichwa ghafla. "Prof, umesikia hapo alipo..."

"Mdogo wangu, mimi nilianza kusikia wewe hujazaliwa. Debe tupu haliachi kuvuma."

Simu ya Profesa ikatetemeka. Ni mkewe, na picha ya mapazia ya rangi ya maziwa. Alijibu kwa kidole gumba chini ya meza: hapana, hayo ni ya ofisi ya karani. Alipoinua macho, msichana alikuwa bado anasoma tu, na Profesa akachoka naye. Akagonga meza.

"Inatosha, binti, inatosha. Hii si kazi ya chuo kikuu. Haina kichwa wala miguu. Kajipange, urudi mwakani."

"Samahani, Profesa. Nirekebishe sehemu gani?"

"Yote!"

Ukumbi ulicheka kwa kuwa Profesa alicheka. Alitegemea kuona machozi, maana wengi hapo ndipo walipolia, na kusema kweli alipenda kuwaona. Lakini msichana naye aliandika kitu kwenye karatasi yake, akaketi.

Wa tatu na wa mwisho alikuwa mtu mzima, mvi zimeanza kumwingia ndevuni, amevaa shati lililofifia kola na ameshika mfuko wa plastiki. Profesa alihesabu hatua moja, akahesabu ya pili, na ya tatu hakuingoja. Akaandika.

"Huyu naye amekuja kumwandikisha mjukuu wake?" alisema, si kwa sauti ya chini. Kisha akapaza zaidi: "Haya, mzee, anza. Tuna shughuli nyingine."

"Shikamoo, Profesa. Nakuja."

Lakini hakwenda moja kwa moja kwenye kipaza sauti. Alipita kwanza kwenye safu ya mbele, akasimama mbele ya kijana wa kwanza. Kijana akainuka, akavua koti jeusi, akampa. Mtu mzima alilivaa pale pale, akafunga vifungo. Lilimkaa sawasawa mabegani. Kisha akapokea karatasi ya kijana, na karatasi ya msichana wa kandambili, akapanda nazo jukwaani.

"Mimi ndiye mwenye utafiti," alisema. "Wadogo zangu hawa wawili wamenisaidia kusoma karatasi moja, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Nawashukuru. Habari za benchi la zahanati ni za kutunga tu. Mimi natafiti wanaotoa alama."

Profesa alimgeukia yule mhadhiri, naye alikuwa akitazama meza. Viatu vya mkuu wa kitivo vilisikika vikishuka ngazi za ukumbi polepole, vikasimama nyuma ya kiti cha Profesa.

"Profesa," alisema yule mama, "tusomee alama ulizowapa wale wawili. Na ya huyu pia, maana naona umeshaiandika."