Kaunta ya Malalamiko

Mama mwenye kilemba cheusi aliitua simu juu ya kaunta kama anayetua mzoga. Kioo kilikuwa kimepasuka, mgongo umeungua, na harufu ya plastiki iliyoungua ilikuwa bado haijaisha. Wateja wakasogea pembeni.

"Nimerudi," alisema.

"Na mimi nipo, mama," alijibu msichana wa kaunta, mikono kiunoni. "Jana nilikwambia nini? Simu ikishavuka mlango ule si yetu. Ichemke, iungue, ilipuke, shauri yako!"

Mwenye duka, aliyekuwa ofisini nyuma ya kioo, aliyasikia yote akatabasamu. Alimpenda msichana huyu. Alimwita Pilipili. Wauzaji waliomtangulia walikuwa laini kama uji: mteja akilalama kidogo tu, wanamnong'oneza kwamba simu ikiwa mbovu sheria inampa haki ya kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa pesa yake. Bosi aliwatimua wote. Pilipili alipokuja kuomba kazi hakuuliza hata mshahara. Aliomba jambo moja tu: awekwe pale watu wanapoleta malalamiko.

"Nilipoileta mara ya kwanza ilikuwa inachemka tu," mama aliendelea. "Nikaambiwa niiache ipoe. Ikamlipukia mume wangu usoni. Jicho halipo tena."

Maneno hayo ya kuiacha ipoe bosi aliyasema mwenyewe, enzi za wale wauzaji laini. Uso wa mama hakuukumbuka. Aliowatoa mlangoni ni wengi.

Pilipili akageuka, akapaza sauti mpaka wapita njia wakachungulia. "Bosi! Huyu mama anasema hizi simu zina betri mbovu. Nimjibuje?"

"Mwambie akashitaki anakotaka!"

"Umesikia, mama? Ukashitaki unakotaka. Ofisi ya kutetea walaji iko nyuma ya posta, kama hukujua. Na kibao kile ukutani kimeandikwa hairudishwi. Waite hao unaowategemea waje wakisome!"

Watu wakaguna. Kijana mmoja alikuwa ameshainua simu yake, anarekodi. Mama akaichukua ile simu iliyoungua, akaifunga kwenye leso na kutoka.

"Umemkomesha!" bosi alisema, akicheka hadi kikohozi kikampata. Pilipili alikwenda nyuma kunawa uso. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Vumbi la stoo," alisema.

Mama hakukoma. Alirudi na dereva wa lori ambaye simu yake ilimuunguza paja, kisha na mwalimu ambaye yake ilimuunguzia kitanda. Kila walipokuja, Pilipili aliwapokea kwa moto mkali kuliko wa jana. Video zikasambaa. Shemeji yake bosi, aliyekuwa mshauri wake, akaja mbio.

"Mrudishie huyo mama pesa yake, yaishe."

"Nikimrudishia yeye, kesho watajaa hapa kama nzige," bosi alisema. "Huyu namtaka alie. Nataka akipita mtaa huu abadilishe njia."

Asubuhi moja mama aliingia, na nyuma yake mwanamume mpole aliyevaa shati la mikono mifupi. Mwanamume akasimama kwenye makava ya simu, akawa anayapekua moja moja kama mteja asiyejua anachotaka.

"Bosi!" Pilipili aliita. "Mama yule kaja. Leo anataka kusikia kutoka kinywani mwako."

Bosi akatoka amefura. Hasira za siku zote zilikuwa zimemkaa kooni, akazitapika zote palepale.

"Ndiyo, zinachemka! Najua zinachemka! Nilikushika mkono ununue? Duka langu, mali yangu, sheria yangu!"

Mwanamume wa makava akageuka, akatoa kitambulisho. Alikuwa afisa wa ile ofisi ya nyuma ya posta. Hakumtazama bosi. Alimuuliza msichana wa kaunta kama simu za aina ile bado zipo.

Pilipili hakupepesa jicho. Alinyoosha kidole kuelekea stoo.

"Maboksi yamejaa hadi darini. Aliyetuletea alishatuambia tuyaondoe dukani, simu zina kasoro. Bosi akasema tuyamalize haraka, kabla watu hawajajua."

"Pilipili!" Bosi akamgeukia. "Amekutisha huyu?"

Hadi jua linakuwa la utosi, milango ya chuma ilikuwa imeshushwa na kutiwa lakiri. Bosi alisimama kando ya barabara katikati ya askari wawili, akisubiri gari la kumpeleka kituoni. Umati ulikuwa unamzomea. Mama mwenye kilemba alikuwa ng'ambo ya barabara, kimya, anamtazama tu. Ule utulivu wake ndio uliomchoma bosi kuliko zomeazomea. Akaapa moyoni: akitoka tu, atamtafuta mama huyu mpaka ampate.

Pilipili akatokea mlango wa nyuma na mkoba begani. Bosi akamwonea huruma. Msichana mdogo, ameona kitambulisho cha serikali, akababaika, nani asingebabaika?

"Usiogope," alimwambia. "Nikitoka nafungua duka jingine, na kaunta ni yako. Ila nenda kampashe yule mchawi kwa mara ya mwisho. Mpashe, nisikie!"

Pilipili akampita kama anayepita nguzo ya umeme. Akavuka barabara, akasimama mbele ya mama, na machozi yakaanza kumtoka.

"Nisamehe kwa kukufokea mbele za watu."

"Ulinifokea vizuri," mama alisema, akimfuta machozi kwa ncha ya kilemba. "Haya twende, baba yako anatungoja."