Neno Jekundu

Dawa za nje zilianza kumiminika madukani wakati babake Rabab, mfamasia wa mtaa wa Mabawa, alikuwa ameshapofuka. Rabab akamtungia programu ya kufuta alama zote za kikompyuta kwenye kurasa za mtandao zenye maelezo ya dawa hizo, yabaki maandishi matupu ambayo mashine ingemsomea kwa sauti.

"Salama kwa wajawazito," mashine ilisoma.

"Umesikia, mwanangu? Meza tu," mzee alimwambia mjamzito aliyesimama kauntani na kidonge mkono mmoja, glasi ya maji mkono wa pili.

Rabab akautupia jicho ukurasa wenyewe kwenye skrini. Kabla ya "salama" palikuwa na neno moja lililokolezwa rangi nyekundu: SI. Programu yake ilifuta alama za rangi ile, ikalifuta na neno lililokuwa katikati yake.

"Dada, usimeze!"

Mwanamke alishtuka glasi ikiwa mdomoni. Maji yakamchuruzika kidevuni hadi kwenye kanga.

"Fungua kinywa, tafadhali."

Akafungua polepole. Mzee alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

"Rabab, kidonge kipo?"

Kilikuwapo juu ya ulimi, kimeanza kuyeyuka pembeni. Rabab akakinga kiganja chini ya kidevu cha mwanamke.

"Tema, dada. Tema hapa."