Kona ya Stratis

Watu walipomzuia Stamatia asimguse binti yake aliyelala barabarani, alikwenda kwenye gari la mikate na kuanza kuitafuta simu.

Alipapasa chini ya kiti, akapekua vikapu vilivyopinduka, akatupa mikate barabarani. Ilikuwa bado ya moto. Dereva, Pandelis, alikuwa amekaa kwenye lami, mgongo kwenye gurudumu, mikono kichwani.

"Iko wapi?"

"Nini, mama?"

"Usiniite mama. Simu yako iko wapi?"

Argyris mwenye mkahawa, aliyefika wa kwanza na aproni yake kiunoni, alimshika bega. "Stamatia, njoo ukae kivulini. Daktari yuko njiani."

"Nikikaa, huyu ataitupa baharini."

Hakuna aliyembishia. Kiangazi cha mwaka juzi, kwenye kona hii hii, Pandelis huyu huyu alikuwa akimjibu mpenzi wake ujumbe wakati Stratis, mtoto wa kwanza wa Stamatia, alipotokea na pikipiki kutoka upande wa bahari. Walipokwenda kumwinua, simu ilikuwa bado inawaka sakafuni mwa gari, sentensi haijaisha.

Pandelis alipewa kifungo cha nje na kunyang'anywa leseni. Stamatia alisimamisha kijumba cha ukumbusho pale kwenye kona, cha marumaru, chenye paa la buluu na taa ya mafuta ya zeituni ndani. Picha ya mtakatifu aliiweka nyuma, ndogo. Mbele, nyuma ya kioo, aliweka picha ya uso wa Stratis, mpana kama sinia, unacheka.

"Madereva wainue macho," alisema. "Wakiinua macho wataacha hizo simu."

Myrsini, mtoto aliyebaki, alimtania. "Mama wee, Stratis hajawahi kutazamwa hivi akiwa hai. Hata wasichana wa mjini Mytilini hawakumgeuzia shingo namna hii!"

"Cheka tu. Helmeti iko wapi?"

"Kichwani. Gonga uone."

Na kweli ilikuwa kichwani. Stratis alikuwa akiivaa kwenye kiwiko, kama vijana wote, kwa sababu ya joto. Myrsini aliifunga mpaka kidevuni hata Agosti, akaenda kazini hotelini na kurudi kwa pikipiki, kwa mwendo wa polepole uliowafanya wavulana wa mkahawani wapige kelele, "Pisheni, bibi anapita!" Stamatia alizisikia kelele hizo akiwa jikoni, akashusha pumzi. Mtoto amefika.

Alikuwa naye huyo mmoja tu. Kila alilofanya tangu mazishi, alilifanya ili huyo asimfuate kaka yake.

Leseni iliporudi, Pandelis alikuja mlangoni na kofia mkononi. Tajiri wake amemrudisha kwenye gari, alisema, na barabara ni hii moja, lakini hawezi kupita pale bila ruhusa yake. Stamatia alimwacha amesimama juani mpaka shati likamganda mgongoni. Kisha akampeleka kwenye kijumba, akauchukua mkono wake na kuubandika juu ya marumaru.

"Apa. Simu haiingii kwenye hilo gari."

"Naapa."

"Hata ikiwa imezimwa."

"Naapa, mama."

"Na usipite hapa kama mbuzi. Mtazame mwanangu. Usoni, sio pembeni. Mpaka umpite. Kila siku."

Pandelis alilia. "Naapa."

Tangu hapo Stamatia alisimama dirishani kila asubuhi kusubiri gari la mikate. Lilikuja polepole, na mkono wa Pandelis ulifanya ishara ya msalaba. Stamatia aliuona uso wake ukikunjamana, na siku nzima ilimwendea vizuri. Hakumwambia mtu jambo hilo, hata padri.

Sasa gari lilikuwa tupu. Hakukuwa na simu.

"Simama," alimwamuru. Akampekua mifuko kama mtoto aliyeiba peremende. Leso. Funguo. Msalaba mdogo wa mbao.

"Hana, Stamatia," Argyris alisema kwa sauti ya chini. "Huiacha bekari, kwenye kopo la chumvi. Tunamcheka kila siku kwa hilo. Mwache."

"Basi alikuwa amelala."

"Sikulala," alisema Pandelis.

Daktari alifika. Alipiga magoti karibu na Myrsini, akamshika shingo, akasikiliza kifua. Halafu akaanza kufungua mkanda wa helmeti taratibu, kama mtu ambaye hana tena sababu ya kuharakisha. Helmeti haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Argyris alivua aproni yake na kuwapa wenzake wamfunike.

Stamatia aliona yote hayo. Hakupiga ukelele. Aligeuka, akamkamata Pandelis kola kwa mikono miwili na kumtikisa mpaka vifungo vikaruka.

"Jua linawaka! Barabara nyeupe! Mtoto amevaa helmeti nyeupe, anakwenda kama bibi, yuko upande wake! Wewe ndiye uliyemfuata huko! Simu huna, usingizi huna. Ulikuwa unaangalia nini?"

Pandelis aliinua mkono. Alionyesha juu ya bega la Stamatia, kwenye kioo ambacho Stamatia mwenyewe alikifuta kwa siki asubuhi ile mpaka kikang'aa, ambako Stratis alikuwa bado anacheka.

"Nilikuwa bado sijampita, mama."